Shajara ya Tabibu Parke na Watu wa Chini ya Rwenzori

Katikati ya Juni 1889 msafara mrefu uliingia nyika ya Busongora ukitokea kusini mwa milima ya Rwenzori, upande ambao leo una Bwera na mpaka wa Mpondwe. Mbele walitangulia Wazanzibari wenye bunduki na mizigo. Nyuma yao walifuata maofisa wa Kimisri na makarani wa Emin Pasha, wake zao, watoto, watumishi, watumwa, na wagonjwa waliobebwa kwenye machela. Walipong'oa kambi kwa Kavalli, upande wa magharibi wa Ziwa Albert, tarehe 10 Aprili, walikuwa watu wapatao 1,500. Kila kituo kilipunguza hesabu hiyo: wengine walitoroka, wengine walikufa, wengine waliachwa njiani kwa sababu miguu ilikuwa imeoza kwa vidonda. Kiongozi alikuwa Henry Morton Stanley. Tabibu wa watu wote hao alikuwa mmoja, Mwairishi wa miaka 31 aliyeitwa Thomas Heazle Parke, daktari wa jeshi la Uingereza aliyejitolea kwenda bila mshahara.

Parke alikuwa na desturi ya kuandika. Shajara zake za safari hiyo zimehifadhiwa Dublin, katika Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ireland, kilichopewa hati ya kuanzishwa mwaka 1784 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2019. Ndicho chuo kilichomfundisha udaktari. Mtu wa Kasese, wilaya ya Uganda yenye nyika hiyo ya Busongora, akitaka kusoma yaliyoandikwa mapema kabisa kuhusu nchi ya mababu zake, chumvi yake na vita vyake, sehemu kubwa ya maandishi hayo iko Ulaya, kwenye makabati ya watu waliopita tu.

Na Parke alikuwa mpita njia kamili. Alizaliwa Novemba 1857 huko Kilmore, wilaya ya Roscommon, akalelewa Carrick-on-Shannon. Alihitimu mwaka 1878, akaingia jeshini 1881, akapelekwa Misri, akatibu kipindupindu karibu na Cairo mwaka 1883, kisha akawa katika kikosi kilichopanda Mto Nile kwenda kumwokoa Jenerali Gordon wa Khartoum na kuchelewa. Baada ya hapo aliishi Aleksandria, ambako aliongoza chama cha kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa, mchezo wa mabwana wa kwao ambao sijui Wamisri waliutazamaje. Mapema 1887 Stanley alipita hapo akikusanya watu wa kwenda kumtoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta aliyekatiwa njia na vita vya Mahdi. Mwanzoni alimkataa Parke. Siku iliyofuata alibadili mawazo, akamwita kwa simu ya maandishi.

Tarehe 25 Februari 1887 meli ya Madura iliondoka Unguja ikiwa na wapagazi wa Zanzibar zaidi ya 600, askari wa Kisudani, Wasomali wachache, na Tippu Tip pamoja na watu wake. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Mto Kongo, kwa kuwa Stanley alikuwa amechagua kuingia kwa upande wa magharibi. Humo melini Parke aliwachanja Wazanzibari dhidi ya ndui. Baadaye ndui ilipowashukia wapagazi wa Kimanyema na kuwafyeka, Wazanzibari karibu wote walinusurika. Kwa maoni yangu hakuna alichofanya Parke katika miaka hiyo mitatu kilichookoa roho nyingi kuliko chanjo ile, ingawa Dublin inamkumbuka kwa jambo jingine. Sanamu yake ya shaba imesimama Merrion Street, mbele ya Makumbusho ya Viumbe, na kwenye kitako chake kuna mchoro wa tukio la tarehe 13 Agosti 1887: Parke akinyonya sumu ya mshale kutoka kwenye jeraha la kifuani mwa Luteni William Stairs. Stairs alipona. Wapagazi waliochomwa mishale siku hizo hizo na kufa kwa pepopunda hawamo kwenye mchoro.

Msitu wa Ituri uliwala watu wale kwa njaa. Kuanzia Oktoba 1887 Parke aliachwa Ipoto pamoja na Kapteni Nelson, aliyekuwa hawezi kutembea, katika kambi ya wawindaji wa pembe na watumwa waliowauzia chakula kwa bei ya kukamua. Humo msituni tabibu huyu alimnunua msichana wa Kimbilikimo kwa nafaka kidogo. Msichana huyo alimtumikia na kumuuguza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wasomaji wa wakati wake waliona hapo kisa cha huruma. Mimi naona stakabadhi ya mauzo, imeandikwa na mtu ambaye serikali yake ilijisifu kwamba inapambana na biashara hiyo hiyo.

Milima aliiona mapema kuliko mkuu wake. Tarehe 20 Aprili 1888, wakipeleka mashua ya chuma kwenye Ziwa Albert, Parke na mwenzake Mounteney Jephson waliona kwa mbali mlima wenye kilele cheupe, wakasema ni theluji. Stanley hakuwasadiki sana mpaka mwezi uliofuata, tarehe 24 Mei, alipooneshwa na yeye. Katika kitabu chake anaeleza kwamba kijana aliyefuatana naye ndiye aliyemwonesha, akidhani mlima umefunikwa na chumvi. Kijana wa pwani angedhani nini kingine? Na lisemwe wazi kwamba Wazungu wale hawakugundua chochote. Bakonzo walikuwa wakiishi kwenye miteremko ya mlima huo vizazi na vizazi, wakilima migomba na maharage, wakijua njia za kupandia, na wakijua ni nani mwenye mamlaka huko juu kwenye weupe.

Mwaka mmoja baadaye msafara ulirudi ukiwa na Emin mwenyewe. Stanley alikuwa mahututi kwa wiki kadhaa karibu na mwanzo wa safari hiyo, tumbo limemkaza, na Parke ndiye aliyemkesha hadi akaweza kubebwa. Katikati ya Mei 1889 walivuka Mto Semliki huku wakifyatuliwa risasi na Warasura, wapiganaji wa Mukama Kabalega wa Bunyoro. Kisha walifuata ukingo wa milima kuelekea kusini. Tarehe 6 Juni Luteni Stairs alipanda mlima akiwa na Wazanzibari, akafika kiasi cha mita 3,250, akageuzwa na baridi na magenge. Emin Pasha, aliyependa mimea kuliko utawala, alianza kupanda naye akarudi mapema. Parke alibaki chini na wagonjwa.

Kuanzia hapo ndipo maandishi ya msafara yanapogusa nchi ambayo sasa ni wilaya ya Kasese, na kuigusa wakati mgumu. Busongora ilikuwa nchi ya wafugaji wenye ng'ombe wa pembe ndefu, na katikati yake palikuwa na Katwe, ziwa dogo la chumvi ndani ya shimo la volkano, hatua chache kutoka ziwa kubwa ambalo Stanley angelipa jina la Edward, mwana wa malkia wake. Chumvi ya Katwe ilisafiri mbali. Ilipanda milimani kwa Bakonzo, ikavuka maji kwenda Nkore, ikaenda Toro, Bunyoro na hadi nchi za magharibi ya Semliki, ikibadilishwa kwa mtama, mbuzi, vyuma na nguo. Mwenye Katwe alikuwa na hazina isiyokwisha, kwa kuwa jua lilipokausha maji, gamba la chumvi lilijijenga upya. Kwa sababu hiyo Kabalega alipeleka Warasura wake wakae pale chini ya jemadari Rukara. Walichukua chumvi na kuteka ng'ombe, na wafugaji wa Busongora wakatawanyika, wengine wakakimbilia visiwani na kando ya maziwa.

Bakonzo na Basongora walipoona msafara wenye bunduki mamia unashuka, na kwamba unapigana na Warasura, walipiga hesabu ya haraka. Stanley anamtaja mkuu wa Bakonzo aliyemwita Bevwa, aliyejiunga naye na watu wake wakawa viongozi wa njia na wapelelezi. Anamtaja pia Kakuri, mkuu wa Basongora, aliyefika Katwe kwa mitumbwi na zawadi za samaki, mbuzi na pombe. Rukara hakungoja. Aliondoka Katwe na watu wake, na msafara ukaingia kwenye mji ulioachwa na marundo ya chumvi.

Kitabu cha Stanley kinasimulia tukio hilo kwa namna inayomfanya Stanley kuwa mkombozi. Lakini ukiisoma hadithi hiyo kutoka upande wa mlima, Bevwa na Kakuri ndio waliowatumia wageni. Walikuwa na adui aliyekaa kwenye chumvi yao, wakapata jeshi la kupita, wakalielekeza mahali pa kupiga, wakalipa kwa ndizi na mbuzi, kisha wakaliaga. Nguvu zao wenyewe hazikutosha kumwondoa Rukara, na walijua hivyo. Sioni haya yoyote hapo. Naona siasa iliyofanywa vizuri na watu waliokuwa na siku chache tu za kuifanya.

Tabibu aliingia Busongora na kazi ya aina nyingine. Mlimani kulikuwa na baridi, nyikani joto na maji mabaya, na homa ikawaangusha watu kwa makumi. Maofisa waliugua, Wamisri waliugua, wapagazi waliugua wakiwa na mzigo kichwani. Dawa zilikuwa zimepungua. Msafara ulizunguka upande wa kaskazini wa ziwa tunaloliita leo Ziwa George, ukipita kwenye tambarare ambayo sasa ina mji wa Kasese, kisha ukageuka kusini kuingia Nkore, ambako Mugabe Ntare alimtuma mwanamfalme Buchunku achanjiane damu ya undugu na Stanley. Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Usiku huo huo, kwenye karamu ya Wajerumani, Emin Pasha aliyekuwa na macho mabovu alitoka dirishani akidhani ni roshani, akaanguka na kuvunjika vibaya. Parke alikaa Bagamoyo kumtibu, mpaka naye akazidiwa na homa. Kati ya Wazanzibari waliopanda Madura, waliorudi kwao walikuwa chini ya nusu.

Halafu ikaja vita ya karatasi. Kila ofisa alikuwa ametia saini mkataba wa kutochapisha lolote mpaka miezi sita ipite baada ya kitabu cha Stanley. Stanley alitoa majuzuu yake mawili mwaka 1890, yakauzwa kama njugu. Ndugu wa maofisa walioachwa nyuma, kwenye kambi ya Yambuya, na kufa baadaye walijibu kwa kuchapisha shajara na barua za marehemu wao, na London ikajaa matusi ya kwenye magazeti kuhusu nani alimtelekeza nani. Parke alingoja zamu yake, kitabu chake kikatoka 1891. Hapa ndipo shajara za Dublin zinapokuwa na thamani ya pekee, kwa sababu kitabu hicho kwa sehemu kubwa kiliandikwa na mkono mwingine: rafiki yake John Knott, daktari wa Dublin aliyekuwa msomi wa vitabu kuliko Parke. Knott alichukua maelezo ya shajara akayavisha suti. Mtafiti anayetaka kujua tabibu aliyechoka aliona nini hana budi kuachana na chapa na kurudi kwenye mwandiko. Mwanahistoria wa tiba wa Dublin, J. B. Lyons, alifanya hivyo na kutoa kitabu chake kuhusu safari ya Parke mwaka 1994.

Parke hakufaidi sifa zake muda mrefu. Alipewa medali na ushirika wa heshima wa chuo chake, akaandika pamoja na mtaalamu wa dawa kuhusu sumu za mishale ya msituni, na akatoa mwongozo wa afya kwa wasafiri wa Afrika. Agosti 1893 alifariki ghafla Scotland akiwa na miaka 35. Maiti yake ilipitishwa Dublin kwa heshima za kijeshi, akazikwa Drumsna karibu na alikozaliwa.

Nchi aliyoipita nayo haikubaki kama alivyoiona. Muda mfupi tu baada ya msafara kuondoka, sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe wa Busongora na Nkore. Mwaka 1891 Mwingereza Kapteni Lugard alifika Katwe, akajenga ngome karibu na chumvi, akamrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro. Mkataba wa mwaka 1900 uliingiza Busongora na Bukonzo ndani ya ufalme wa Toro, na hapo sahihi za watu wachache Fort Portal ziliwafanya Bakonzo kuwa raia wa mfalme ambaye wengi wao hawakuwahi kumtii. Mwaka 1910 wajumbe walikaa Brussels wakachora mpaka wa Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Ndugu wa lugha moja wakajikuta huku wanaitwa Bakonzo, kule wanaitwa Banande, na mto Lhubiriha kati yao. Malale yakafuata, na serikali ikawahamisha watu kutoka nyikani kando ya maziwa. Sehemu kubwa ya nchi ya Kakuri ikawa hifadhi ya wanyama mwaka 1952. Lakini Katwe imeendelea. Hadi leo familia zina majaruba yao ya chumvi, na watu huingia majini kuvunja gamba kwa mikono.

Jambo ambalo Parke asingeweza kulitabiri ni kwamba Bakonzo wangeamua kuandika wenyewe. Mwaka 1954 mwalimu mmoja, Isaya Mukirania, alianzisha chama cha utafiti wa historia ya maisha ya Bakonzo. Wanachama walitembea vijijini wakikusanya koo, nyimbo, majina ya vilima na habari za wazee, zikiwemo habari za Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, walionyongwa na serikali mwaka 1921 kwa kuongoza uasi. Mwaka ule ule wa 1954 Mukirania alikuwa mwenyeji wa Mwingereza kijana, Tom Stacey, aliyekuja kutembea milimani na ambaye baadaye aliandika vitabu kuhusu nchi hiyo. Safari hii mgeni ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Ulikuwa utafiti, na ulikuwa siasa. Mwaka 1962, Bakonzo na jirani zao Baamba walipotoka kwa hasira kwenye baraza la Toro, Rukurato, kwa kunyimwa kutajwa katika katiba kama watu sawa na Batoro, viongozi wao Mukirania, Yeremia Kawamara na Petero Mupalya walikamatwa. Tarehe 30 Juni mwaka huo, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, harakati yao ya milimani, Rwenzururu, ilijitangazia dola yake. Walikuwa na mikuki, mawe na bunduki chache. Walikuwa pia na taipureta, mihuri ya mpira, kumbukumbu za vikao na stakabadhi za kodi. Waliandika barua kwa Kampala, kwa London, kwa Umoja wa Mataifa. Serikali ya milimani ilijua kwamba Toro ilipata nguvu juu yao kwa hati, na kwamba ofisini mtu asiye na faili hayupo. Mwanahistoria Derek Peterson, aliyezisoma nyaraka za Rwenzururu, ameonesha jinsi uandishi huo wenyewe ulivyokuwa njia ya kujenga dola pale ambapo hapakuwa na majengo wala bajeti.

Mukirania alifariki mwaka 1966. Mwanawe Charles Wesley Mumbere, akiwa bado kijana mdogo, alirithi kiti, akateremka kutoka milimani tarehe 15 Agosti 1982 baada ya mapatano na serikali ya Obote. Rwenzururu ilitambuliwa rasmi kuwa ufalme mwaka 2009. Miaka saba baadaye, Novemba 2016, vikosi vya serikali vilivamia ikulu yake mjini Kasese, watu zaidi ya mia moja wakauawa katika mapigano ya siku mbili, na Mumbere akafunguliwa mashtaka yaliyofutwa mwaka 2023 tu.

Kasese haikuwa wilaya ya peke yake mpaka mwaka 1974, chini ya Idi Amin. Kabla ya hapo shauri la Bwera, kodi ya Bwera, kesi ya shamba la Bwera, vyote viliandikwa kwenye mafaili ya Toro. Mafaili hayo yalibaki Fort Portal, na katika miaka ya karibuni yamehamishiwa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon mjini humo, ambako kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michigan yamesafishwa, yakapangwa na kupigwa picha za kompyuta. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bwera anayetafuta habari za babu yake husafiri zaidi ya kilomita mia hadi mji mkuu wa ufalme ambao babu huyo aliukataa, akasome yale ambayo makarani wa Batoro na Waingereza walimwandika. Akitaka kurudi nyuma zaidi, hadi siku ambazo Rukara aliikimbia Katwe, itambidi apande ndege ya kwenda Dublin.